Giaboksi Aliyoifunga Mzee Ishmael

Siku hizi nikipita Noonkopir, pale Kitengela, sigeuzi shingo upande ilikokuwa gereji ya Mzee Ishmael. Wamejenga ghorofa ya kupangisha. Mwaka wa 1997 palikuwa na ua wa mabati, vumbi tele, na raha ambayo sijaipata tena popote. Mzee alipiga mluzi wa nyimbo za kanisa kutwa nzima, akikatiza tu kunisimanga kwamba naosha nati kana kwamba nitazila. Nilikuwa fundi wa miaka ishirini na tisa, mjuaji kupindukia.

Wachira, muuzaji wa ploti, alituletea gari la michezo la marehemu babake, la mwaka wa 1971. Alitaka litiwe injini ya silinda sita badala ya nne. Giaboksi yake, yaani sanduku la gia, ilitengenezewa injini ndogo. Nguvu hiyo mpya ingeyang'oa meno. Mzee akachongesha shafti, ule mhimili wa gia, nene zaidi, akatafuta gia pana na beringi kubwa, akaliimarisha ganda kwa bamba la chuma. Kwa wiki tatu tulikula mandazi yenye grisi, na nilikuwa na furaha, bwana.

Ila mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Vipimo hakuvitaka. Aliizungusha shafti kwa vidole, macho ameyafumba, akasema imekaa. Na sheria ya pale ilikuwa moja tu: aliyefunga giaboksi ndiye anayeifungua.

Jumapili, Mzee akiwa kanisani, niliifungua. Nilipima nikakuta shafti ina nafasi kubwa kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Nikaongeza kipande chembamba cha chuma kwenye beringi, nikabana hadi kipimo cha kitabu, nikafunga. Nilidhani namwokoa na aibu.

Kesho yake tulielekea Kajiado, Wachira akiwa kwenye usukani. Gari lilikwenda laini barabarani hadi Mzee akacheka peke yake. Tulipopita Isinya giaboksi ikanguruma, ikakwama, tukaingia vichakani. Hakuna aliyeumia. Tulipoifungua, beringi ilikuwa imegeuka bluu kwa moto. Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee aliacha nafasi makusudi, maana shafti nene ikipata moto hutanuka zaidi, na kitabu kiliandikiwa ile nyembamba. Wachira akaitazama mikono ya Mzee. Mimi nikainama kukusanya spana.

"Ni hii mikono yangu, Wachira," Mzee akasema. "Nimezeeka."

Habari zilienea Kitengela nzima. Kabla ya mwezi kuisha alifunga gereji akahamia Embulbul, na wateja wake wakaja kwangu.

Miaka minane nilikaa na siri hiyo. Mwaka wa 2005 nilienda Embulbul. Mkewe, Rahab, alinipokea kama mwanawe, akaniuliza habari za watoto, kisha akaingia jikoni kuchemsha chai. Nikamweleza Mzee yote.

"Niliona palepale," akasema. "Hicho kipande si mimi niliweka."

Nilimuuliza kwa nini basi alijitwika lawama. Akanijibu kwamba yeye alikuwa amebakisha miaka michache ya kazi, lakini mimi nani angenipa gari tena? Niliona haya, nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilipoinua uso, Rahab alikuwa mlangoni na trei, ameshasikia yote.

"Mimi ndio nilimwambia afunge gereji," akaniambia polepole. "Niliogopa ataua mtu. Kila mwaka ananiomba arudi Kitengela, na mimi namkatalia. Namwambia hana mikono."

Mzee akamwomba aketi. Hakuketi. Aliweka trei chini, akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya nyumba.

"Wewe nilikusamehe kitambo," Mzee akasema, akishika meza ili ainuke. "Huyu ndiye sikutaka ajue."

Akamfuata mkewe, nami nikabaki na vile vikombe vitatu.