Dakika Arobaini za Mikumi

Sketi zilifika kabla ya mkataba. Zilikuja Kilosa kwa basi la kupitia Dumila, zimefungwa ndani ya maboksi mawili, na Mwanakheri akapigiwa simu aende stendi kuzichukua, kwa kuwa yeye ndiye nahodha wa timu ya wanawake ya Kilosa. Alizifungulia kwenye ghala la ufuta alikokuwa karani wa mizani. Zilikuwa nyekundu, fupi, za kubana, na kila moja ilikuwa imeandikwa makalioni jina la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kampuni ya kinywaji hicho ndiyo iliyokuwa imekubali, baada ya miezi saba ya kubembelezwa, kukidhamini chama cha raga cha taifa. Mwanakheri aliinua moja, akaipima kiunoni juu ya gauni lake la kazini, akairudisha kwenye boksi, kisha akaendelea kupima ufuta wa watu.

Alikuwa na miaka minane katika raga. Miaka yote hiyo alicheza amevaa taiti ndefu chini ya kaptula, na kichwani kilemba alichokifunga mwenyewe kwa namna ambayo hata wakiangukiana watu kumi hakifunguki. Mama yake alikubali acheze kwa sharti hilo, naye akalishika kwanza kwa ajili ya mama, baadaye kwa ajili yake mwenyewe.

Jioni alimpigia simu Casmir, mwenyekiti wa chama. Huyu hakuwa mtu wa kusemwa ovyo. Enzi zake alikuwa mchezaji, na masikio yake yalibaki yamekunjamana kwa kusuguliwa na vichwa vya wapinzani. Ofisi ya chama ilikuwa chumba cha nyuma cha duka lake la vifaa vya ujenzi pale Morogoro, na mwaka uliotangulia alikuwa ameuza pikapu yake ili timu ifike Lusaka. Kila mchezaji alilijua hilo. Ndiyo maana Mwanakheri alianza kwa adabu zote, akaamkia, akauliza hali ya mama watoto, ndipo akagusia sketi.

Casmir alimwambia sketi ni nusu tu ya habari. Ratiba ya Jumamosi kule Mikumi imebadilika. Mechi ya wanawake, Kilosa na Morogoro, iliyopangwa dakika arobaini na ambayo ndiyo ingetumika kuchagua timu ya taifa ya kwenda kwenye mashindano ya Kampala, sasa itakuwa dakika kumi, wakati wanaume wako mapumziko. Wageni wa kampuni wanataka kitu cha kuchangamsha macho. Akaeleza pia kile Mwanakheri alichokuwa akikijua: ada ya uanachama katika shirikisho la kimataifa haijalipwa, na ikifika mwisho wa mwezi bila kulipwa, nchi inafungiwa. Hakuna Kampala, si ya wanaume si ya wanawake.

"Mwanangu," Casmir alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, "mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama kwenye skramu miaka minane, Mwenyekiti. Kule nainama ili nisukume."

Casmir akasema watakutana Jumamosi.

Jumamosi alfajiri walipanda Coaster ya kukodi, wasichana kumi na wanane na maboksi mawili. Karibu na Mwanakheri alikaa Regina Shigela, msichana mrefu kuliko wote, binti wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na kuhamia bonde la Kilosa yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Ng'ombe wa baba yake waliwahi kuingia shambani kwa kina Mwanakheri wakala mahindi yote, mambo yakafika kwa mtendaji wa kijiji, na hadi leo wazee wale wawili hawaamkiani vizuri. Lakini katika skramu, pale wachezaji wanapoinama na kushikana mabega kugombea mpira kwa kusukumana, bega lililomsukuma Mwanakheri kutoka nyuma lilikuwa la Regina. Gari lilipopita kijiji cha Ulaya, Regina alisema basi Ulaya wameshafika, kilichobaki ni Kampala. Watu walicheka, ila Mwanakheri alikuwa anawaza.

Mikumi walikuta uwanja wa shule unasafishwa. Tembo walikuwa wamepita, wakaacha vinyesi katikati, na vijana wawili walikuwa wakivizoa kwa koleo huku wengine wakisimamisha mahema meupe ya wageni. Mabango mekundu ya kinywaji yalizunguka uwanja wote. Ng'ambo ya uzio malori ya Tunduma yalipita bila kukoma.

Walipewa darasa moja la kubadilishia nguo, wao na wenzao wa Morogoro. Mwanakheri aliyaweka maboksi juu ya meza ya mwalimu, akasema hamlazimishi mtu wala hamkatazi mtu. Anayeona sketi inamfaa aivae. Yeye hataivaa. Akaeleza na habari ya dakika kumi, maana wengi walikuwa hawajaisikia. Agatha, nahodha wa Morogoro, aliuliza mtu atachaguliwaje kwenda Kampala kwa kutazamwa dakika kumi. Alifungua mkoba wake, akatoa jezi yao ya zamani iliyofifia rangi, akaivaa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na maboksi hayakuguswa. Kabla ya kutoka walikubaliana kucheza dakika zao zote arobaini.

Kabla ya kuingia uwanjani Mwanakheri alimtafuta mwamuzi, kwa sababu hakutaka kumviziavizia mtu. Mwamuzi alikuwa Ditram, mwalimu wa hesabu kutoka Berega, mtu wa maneno machache. Alimweleza wazi kwamba timu zote mbili zimekubaliana kucheza mechi yao nzima. Ditram alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua.

"Ratiba iliyosainiwa na chama inasema arobaini," alisema. "Hiyo ya kumi sijaletewa kwa maandishi."

Wanaume walicheza nusu yao ya kwanza, wakatoka. Mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba sasa warembo watawaburudisha wageni kwa dakika kumi. Walipotokea wamevaa jezi zilizofifia na kaptula pana, minong'ono ilisikika mahemani. Ditram akapuliza filimbi.

Ile ilikuwa raga kwelikweli. Morogoro walikuwa na mbio, Kilosa walikuwa na uzito, na katika dakika ya sita Agatha alichomoka pembeni akauweka mpira chini nyuma ya mstari, trai ya kwanza. Dakika kumi zilipotimia mshereheshaji alishukuru, akafungulia muziki. Hakuna aliyetoka. Ditram alikuwa ameelekeza skramu, na wasichana walikuwa wameshainama. Muziki ukaongezwa sauti. Wakaendelea.

Mwanakheri aliwaona kwa pembe ya jicho. Alex, afisa masoko wa kampuni, kijana nadhifu na mpole, alikuwa amesimama mbele ya Casmir akimwonyesha saa. Timu ya wanaume ilikuwa imejipanga kando ya mstari, na nahodha wao Lazaro, ambaye Mwanakheri alimheshimu na kumpenda kama kaka, aliingia hatua mbili uwanjani.

"Mwanakheri, mnatuharibia safari."

"Safari ya nani, Lazaro?"

Hakusubiri jibu, mpira ulikuwa umetoka. Lakini neno lile lilimchoma. Alijua kwamba Lazaro hakuwa na kosa, kwamba ada ile ikikosekana watu thelathini watabaki nyumbani, na kwamba kesho wote watasema ni yeye. Aliogopa. Aliogopa na akakimbia, akamwangusha mpinzani aliyekuwa na mpira.

Halafu Casmir akaja. Alivuka mstari taratibu, mikono mfukoni, akatembea hadi kwa Ditram, na mchezo ukasimama wenyewe. Muziki nao ukapunguzwa, kila mtu akitaka kusikia. Mwanakheri alisimama damu ikimtoka kwenye nyusi, akiwa tayari kuambiwa atoke, na ameshaamua kwamba hatatoka.

"Zimebaki dakika ngapi?" Casmir aliuliza.

"Ishirini na nne."

Casmir aliwatazama wasichana, akazitazama zile jezi. Aliyafikicha masikio yake kama mtu aliyeamka usingizini.

"Basi zichezwe," alisema. Akageukia mahema, akapaza sauti kwamba muziki uzimwe, kuna mechi inaendelea.

Zikachezwa. Baadhi ya wageni waliondoka kwenda mbugani kutazama wanyama; wengine walibaki. Wapishi waliacha masufuria wakaja kando ya mstari, na madereva wa malori wawili watatu walisimamisha magari wakaegemea uzio. Dakika ya mwisho Regina aliwabeba wapinzani watatu mgongoni hadi mstarini, akaanguka na mpira chini yake. Kilosa walishinda kwa pointi mbili.

Mabango yalianza kung'olewa kabla wanaume hawajamaliza nusu yao ya pili. Alex aliwaaga kwa adabu, akasema uamuzi si wake. Jumatatu ikaja barua: kampuni haitaendelea.

Kamati ilikutana Morogoro wiki hiyohiyo, na hakikuwa kikao cha upole. Wajumbe wengine walitaka Mwanakheri afungiwe miezi sita kwa utovu wa nidhamu. Casmir alisema kama ni kufungia, waanze naye, maana aliyeruhusu dakika ishirini na nne ni yeye. Hoja ikaanguka kwa kura moja.

Kisha wakaanza kuhangaika. Ushirika wa ufuta ulichanga, wauguzi wa hospitali ya Berega, kwao Ditram, wakachanga, na dereva mmoja kati ya wale wa uzioni akamfikisha Casmir kwa tajiri yake mwenye malori. Ada ililipwa siku tatu kabla ya tarehe. Nauli ya timu mbili kamili haikupatikana, kwa hiyo walikwenda kucheza raga ya wachezaji saba saba, wanaume na wanawake, kwa basi, wakalala kwenye ukumbi wa kanisa. Lazaro hakuzungumza na Mwanakheri hadi walipovuka mpaka wa Mutukula, alipomwuliza jeraha la nyusi linaendeleaje. Wasichana walifungwa mechi mbili, wakashinda moja, na hiyo moja waliishangilia hadi sauti zikawakauka.

Hadi leo chama hakina mdhamini. Casmir anaendelea kuandika barua kwa makampuni, na hakuna inayotumwa kabla Mwanakheri hajaisoma; hilo ndilo sharti alilotoa alipoombwa kuingia kwenye kamati. Ya juzi aliisomea ghalani, juu ya mizani, kalamu mkononi. Alifuta neno "tunaomba" mahali patatu, na kila mahali akaandika "tunawakaribisha".