Mbuzi wa Ngusa na Mikwaju ya Apolonia

Apolonia alihesabu mara ya tatu, maana mbili za kwanza alidhani macho yake yamechoka. Miche kumi na saba mingine ilikuwa imekatwa vichwa tangu jana. Haikung'olewa wala haikukauka. Ilikatwa ncha tu, pale pale mche unapotaka kurefuka. Alitamani kukaa chini alie, lakini chini kwenyewe kulijaa miiba.

Miiba hiyo aliileta mwenyewe. Mwezi wote wa nane yeye na wanawake wenzake wa karibu na Kagongwa walikata matawi ya mgunga na kuuzungushia kila mche wa mkwaju, mmoja mmoja, mpaka mikono ikawa kama ya watu waliopigana na paka. Mkutano wa kijiji ulikuwa umesema wazi: mvua za kwanza zikikuta miche mia nne yenye vichwa vyake, ngitili, lile eneo la hifadhi ya kijiji, inabaki imefungwa, mifugo marufuku, msitu urudi. Ikipungua, ng'ombe wanaingia. Apolonia, aliyekua akifuata kuni mwendo wa nusu siku, aliapa mbele ya watu kwamba haitapungua. Sasa imebaki mia nne thelathini na moja, na mbingu haina hata wingu.

Wiki mbili nyuma jibu alikuwa nalo: mbuzi wa Ngusa. Boma la Ngusa limepakana na ngitili, na mbuzi anajulikana tabia yake. Akamshtaki. Ngusa alijieleza kwa upole kwamba mbuzi wake hufungwa kamba, kisha akaongeza neno lililomchefua Apolonia kuliko yote.

"Mama Vumilia, hiyo miiba yako ina mboga. Umemtengea mlaji ugali, ukamwagia na mchuzi."

Watu walicheka. Apolonia akaona anafanyiwa utani barazani, akashikilia faini. Ngusa akatoa beberu, akachinjwa siku ile ile, na Apolonia alikula, tena paja. Beberu akaisha, miche ikaendelea kuliwa.

Kesho yake, baada ya hesabu ile ya kumi na saba, alifika ngitilini kabla ya jua, akajibanza nyuma ya kichuguu. Wakaja digidigi wawili, vijinyama vya kimo cha goti. Hawakwenda kwenye miche. Walikwenda kwenye maganda ya mgunga, yale makavu yaliyojikunja, matamu, ambayo kila mchungaji wa Usukumani huyaangusha kwa fimbo wakati wa kiangazi ili mifugo ile. Matawi ya Apolonia yalikuwa yamejaa tele. Digidigi waliyaokota polepole, wakipenyeza vipua vyao katikati ya miiba, na maganda yalipokwisha, ncha ya mkwaju ilikuwa hapo hapo mbele ya midomo yao.

Aliwarushia ndala. Walikimbia hatua ishirini, wakageuka, wakamtazama.

Hasira zote zikamrudia mwenyewe. Si kwamba hakujua. Alichunga mbuzi wa baba yake miaka tisa. Alitaka miiba, akaona miiba tu. Alijaribu kuyachambua maganda kwa mkono. Matawi matatu yalimtoa damu vidole vyote, na nyuma yake yalimngoja mamia. Kuna mdomo mmoja tu unaoweza kulimaliza tawi la mgunga likabaki miiba mitupu, na Apolonia aliujua ni wa nani. Alikaa juu ya kichuguu muda mrefu, akitafuta njia nyingine. Hakuipata.

Ngusa alikuwa anakamua maziwa.

"Mwangaluka, Baba Makoye."

"Mwangaluka, mayu."

"Ni digidigi," Apolonia alisema, akitazama ukuta wa boma. "Wanafuata maganda. Nilikukosea, tena mbele za watu."

Ngusa aliendelea kukamua.

"Nataka kuyatoa matawi nje ya ngitili, niyalete hapa. Mbuzi wako wayale maganda yote, kisha tuirudishe miiba ikiwa mitupu. Peke yangu siwezi. Nisaidie, miti inaisha."

"Lini?"

"Leo. Kila siku napoteza kumi na kitu."

Ngusa aliweka kibuyu chini, akawatazama mbuzi wake waliofungwa kamba, akawahesabu kwa kidole bila haraka.

"Yalete matawi," alisema. "Mbuzi ninao tisa. Tutachelewa kidogo, maana yule mlafi kuliko wote mlimla."