Mama Mmoja wa Kijijini

Chuo kikuu kilifungwa baada ya fujo za wanafunzi, na ndugu yangu Gibson akarudi nyumbani Kiptere na begi lake na hasira zake. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua ilikuwa imekataa kuisha, na malaria ilikuwa imepanda mpaka kwetu. Sisi watu wa baridi tulijidanganya miaka yote kwamba malaria ni ugonjwa wa kule chini ziwani. Mtu akitetemeka, tulisema amenyeshewa akichuma chai.

Gibson hakukaa bure. Alijitolea kwenye zahanati, akawa anazunguka na nesi nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba homa hii si baridi, waje wapimwe. Watu walimsikia. Wako watoto Kiptere walio hai leo kwa sababu yake, na hilo sitamnyima.

Mama yetu Bilhah akaanza kutetemeka. Mimi nilikuwa nimeolewa Litein, sikujua lolote. Baba alikuwa mlinzi kwenye shamba kubwa la chai huko Kericho, nyumbani alikuja Jumapili tu. Jioni Gibson akirudi alimsalimu mama akiwa mlangoni, naye akajibu kutoka chumbani kwamba ni baridi ya shambani, akilala itaisha. Gibson hakuingia. Kwetu kijana akishatahiriwa haingii mahali mama yake anapolala, na huyu wetu, pamoja na usomi wake wote, alishika desturi hiyo kuliko wazee. Nyumba za watu aliingia, akawashika vipaji vya nyuso. Chumba cha mama hakuingia. Aliyeingia ni jirani yetu Jerusa, aliyekuja asubuhi kumwita wakachume chai. Alimkuta ameshakata roho.

Gibson alilia mpaka tukaogopa kumwacha peke yake. Baadaye chuo kikafunguliwa, akarudi.

Mwaka uliofuata chuo kikatangaza kwamba wanafunzi waliojitolea watapewa vyeti, na wakubwa wa makampuni watakuja kuwasikiliza. Kampuni moja ya chai ilikuwa na nafasi ya kazi kwa atakayejieleza vizuri. Gibson alikuwa anamaliza masomo, na wadogo zetu walikuwa wameacha shule kwa kukosa karo, wakimngoja yeye apate kazi. Mhadhiri wao, Bwana Nyagaka, ndiye aliyewafundisha namna ya kujinadi. Nilimsikia mwenyewe nje ya ukumbi siku hiyo, akimnyoosha Gibson tai.

"Usiseme tu ulisaidia watu, hiyo kila mtu anasema. Waambie ulikosea wapi, na ukajifunza nini. Mabosi wanapenda hiyo."

"Na kama hiyo makosa ni ya nyumbani, mwalimu?"

"Hata hiyo weka. Lakini usilie."

Tuliketi nyuma, mimi na baba, yeye amevaa koti la kuazima kwa pasta. Gibson alizungumza Kiingereza. Baba hakijui, lakini mimi nilifika kidato cha pili, nilimfuata neno kwa neno. Alisema aliongoza kikundi. Alisema alizoea kufanya kazi wakati wa shida. Kisha akasema kulikuwa na mama mmoja wa kijijini aliyefariki kwa sababu ujumbe haukumfikia mapema, na kwamba kifo hicho kilimfundisha umuhimu wa mawasiliano. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Bwana wa kampuni ya chai alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nilimchukia ndugu yangu, nasema wazi. Mama mmoja wa kijijini, kana kwamba alimpita tu njiani. Na papo hapo nilijua kwamba kazi ameipata, na kwamba wadogo zetu watarudi shule. Nikashindwa hata kumkasirikia vizuri.

Baba akaniinamia.

"Rodah, amesema nini mpaka wanampigia makofi hivi?"

"Amesema aliokoa watu."

"Na mama yenu? Amemtaja?"

Gibson alikuwa anashuka jukwaani na cheti mkononi, akitazama chini. Upande wetu hakuangalia.

"Amemtaja," nikasema.

Makofi ya wengine yalikuwa yamekwisha. Baba akasimama, akaanza kupiga yake, peke yake.