Chumba cha Kuzalia

Nyumba ya baba mkwe wangu ina vyumba vya kutosha na kabati moja tu la ukutani, ambalo hata paka hawezi kugeuka ndani yake. Watu waliojenga nyumba hizi za Vermont, huku Marekani, walikuwa na nguo ya kazi na nguo ya kanisani. Moja walivaa, nyingine wakaitundika kwenye kigingi cha mbao ukutani, yakaisha. Sisi tulihamia na malori mawili.

Tulihamia kwa sababu Baba Alden alianguka kwenye ngazi za nyuma wakati majani yanapukutika, akalala hapo hapo mpaka mtu wa posta alipopita. Mume wangu Dwight ndiye mwanawe pekee, na mzee hakutaka hata kusikia habari ya kuhama. Kwa hiyo tuliuza nyumba yetu ya mjini, iliyokuwa na kabati kubwa kila chumba, na sikulia. Nililia baadaye, siku niliyosimama kwenye ukumbi nimeshika mashine ya kufagilia na sina pa kuiweka.

Nilijaribu kila kitu. Nilinunua kabati la kusimama, likakwama kwenye kona ya ngazi, na mpaka leo ukuta una kovu. Nilifungua milango midogo iliyo chini ya mteremko wa paa nikaingiza sweta za watu wote, panya wakazifanya vitanda. Chini ya kila kitanda palijaa masanduku. Makoti yalikaa kwenye viti, na aliyetaka kukaa alikaa juu ya makoti. Binti yangu Tess, mwenye miaka kumi na mitano, alivaa kutoka kwenye maboksi.

"Mama, ninaishi kama mtu anayesubiri basi," aliniambia.

Baba Alden alitutazama akiwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni. "Wewe wa mjini," alisema, "umeleta vitu vingi kuliko duka. Unauza lini?"

"Nitaanza na wewe, Baba. Nikikuuza napata nafasi ya kiti."

Alicheka. Tulikuwa tunasemezana hivyo. Dwight si mtu wa maneno, na nadhani mzee alikuwa na njaa ya kutaniwa.

Dwight ndiye aliyenipa wazo, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Kuna chumba cha kuzalia," alisema.

Nilikijua kile chumba, ila sikujua kina jina. Kiko nyuma ya jikoni, kimebanana na bomba la moshi, kina dirisha moja dogo na joto zuri. Baba alitupa humo viazi vya mbegu, mitungi ya kioo, viti vilivyovunjika na kitanda chembamba cha chuma. Jina lilinichekesha.

"Nani amezaliwa humo?"

"Baba. Na babu. Zamani hizo."

Akafungua ukurasa wa michezo. Basi, nikajua nimepata kabati.

Kazi nikaianza Jumatatu. Mitungi nilipeleka ghalani, viti nikavipasua kuni, sakafu nikaisugua kwa brashi mpaka magoti yakawaka moto. Kitanda kilinishinda. Skrubu zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na kizima kizima hakikupita mlangoni. Dwight aliahidi kukikata Jumamosi. Nikakisukuma katikati, nikakifunika shuka safi kisirukiwe na rangi, nikaanza kupaka kuta rangi nyeupe.

Baba alikuja na mkongojo wake akasimama mlangoni.

"Unakipaka rangi," alisema.

"Nyeupe, Baba. Ili kiwe na mwanga."

"Mama yangu pia alikipaka nyeupe." Akakitazama kitanda. "Hicho unakiacha?"

"Kitakaa hapo hapo kwa sasa."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila mzaha. Nilidhani amechoka. Alikuwa anakohoa tangu theluji ya kwanza, na wiki iliyotangulia tulimpeleka hospitali akapigwa picha ya kifua. Daktari alisema atapiga simu majibu yakitoka. Hakuwa amepiga.

Siku iliyofuata nilisimama jikoni nikapiga simu duka la mbao. Baba alikuwa mezani anamenya tufaha. Muuzaji alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti.

"Msonobari!" nilisema. "Urefu futi sita, upana futi mbili. Hapana, za bei nafuu tu, hakuna atakayeziona. Ndiyo, za ndani ya nyumba. Lini? Mkiweza kabla ya Jumamosi itakuwa vizuri, maana Jumamosi mume wangu yupo na tunataka tumalize."

Nilipoweka simu chini nikaona Baba ameacha kumenya. Ganda la tufaha lilikuwa linaning'inia kwenye kisu. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema hapana, asante, mwanangu. Kwa kawaida hasemi asante. Hata hilo sikulitilia maanani, maana nilikuwa nahesabu mbao kichwani.

Asubuhi yake nilisikia hatua kwenye ngazi, polepole, na kitu kinaburutwa. Nikatoka jikoni mikono ina povu. Baba alikuwa amefika chini. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la kanisani. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine mto wake wa kulalia, na chini ya kwapa picha ya marehemu mkewe.

"Nimeona nishuke mwenyewe," alisema. "Dwight ana mgongo mbovu, asije akaumia kunibeba."

"Kukubeba kwenda wapi?"

Akaonyesha chumba kwa kidevu.

"Baba, hilo ni kabati."

"Kabati gani?"

"La makoti! Makoti, mabuti, mashine ya kufagilia, meza ya kupigia pasi. Hizo mbao ni rafu."

"Futi sita?"

"Ukuta una futi sita."

Aliutazama ukuta. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi nimkalishe kwenye kiti juu ya makoti. Nilimshikia mto.

"Nilisema moyoni, huyu mwanamke ni mkavu kweli," alisema alipopata pumzi. "Anaagiza sanduku langu la kuzikiwa nami niko hapa nakula tufaha."

"Lakini kwa nini ulifikiri hivyo? Si ni chumba cha kuzalia?"

"Ndilo jina lake, ndiyo. Huwezi kukiita lile jina lingine mbele ya watoto." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Watu wanazaliwa humo na wanafia humo, mwanangu. Ni karibu na jiko, maji ya moto yapo, ngazi hakuna. Ukiona wanakisafisha na hakuna mwenye mimba, unajua wewe ndiye unayeshushwa. Na nikajua daktari amepiga simu, mnanificha."

"Hajapiga."

"Kweli?"

"Mimi siwezi kuficha kitu, Baba. Sina pa kukificha."

Hapo hakucheka. Aliuweka mto magotini, akaongea akiutazama ule mlango.

"Mama alikaa humo majira yote ya baridi. Nilikuwa mdogo. Sisi tulikula upande huu wa ukuta, yeye yuko upande ule. Mwanzoni tukimsikia anakohoa tuliweka vijiko chini. Baadaye tukawa tunakula tu." Akaugeuza mto. "Naye alikuwa anasikia vijiko."

Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye sinki. Nikaenda kuyafunga.

"Kijaze," alisema nyuma yangu. "Kijaze makoti na kila takataka uliyoleta kutoka mjini, mpaka mlango usifungike. Wakija kunishusha wasikute nafasi. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Usimwachie Dwight. Dwight atafanya lililo rahisi. Ni mtoto mzuri, lakini atafanya lililo rahisi."

Jioni ile nilimkabili Dwight ghalani, akiwa ananoa msumeno. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia chumba kile ni cha nini.

"Hukuuliza," alisema.

"Niliuliza! Niliuliza nani amezaliwa humo."

"Nikakujibu waliozaliwa." Akapitisha kidole kwenye meno ya msumeno. "Hatukizungumzii hicho chumba, Noreen. Hatujawahi."

Jumamosi kitanda kilikatwa vipande. Rafu zikasimama ukuta mzima, na vigingi chini yake. Nilijaza kama nilivyoambiwa. Nakiri ilikuwa raha kubwa kuweka kila kitu mahali pake, na nilifunga mlango kwa kuusukuma na nyonga. Baba alikuja kukagua, akajaribu kupenyeza mkongojo kati ya makoti, ukakataa. "Safi," alisema.

Jumanne daktari akapiga simu.

Nilimwambia mimi mwenyewe, mezani, kabla Dwight hajarudi kutoka kazini. Nilisema ugonjwa uko kwenye mapafu yote mawili na kwamba hakuna la kupasua. Alisikiliza, akauliza kama kuna kahawa imebaki. Nikamimina.

Baada ya Krismasi hakuweza tena kupanda ngazi. Nesi wa kutembelea wagonjwa, mwanamke mwenye haraka na viatu vizito, alikagua ghorofa ya chini akitafuta pa kuweka kitanda. Akafungua mlango wa kabati langu. Koti la Tess likamwangukia.

"Hapa!" alisema. "Pana joto, pako karibu na jikoni, na pana utulivu. Mkitoa haya makoti panafaa kabisa. Zamani walijua kujenga."

Dwight alinitazama. Niliona uso wake umelegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa kweli panafaa," alisema.

"Hilo ni kabati," nikasema.

"Noreen, ni siku chache za kazi. Rafu zinatoka tu."

"Ni kabati, Dwight. Ndilo kabati pekee la maana tulilonalo. Atalala sebuleni."

"Sebuleni ndipo tunapoishi!"

"Ndiyo."

Nesi akatazama saa yake. Dwight akatoka nje, nikasikia anapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Lakini alirudi, na jioni tulishusha kitanda cha Baba wenyewe na kukiweka katikati ya sebule. Kochi likaenda ghalani, televisheni ikaenda chumbani kwa Tess, na kila kitu kilichokuwa sebuleni kikawa hakina mahali. Nyumba ikawa mbaya kuliko siku tuliyohamia. Ukitaka kwenda jikoni unapita kiubavu kati ya kitanda na ukuta. Baba alikuwa anatupiga miguu kwa mkongojo tukipita, kwa utani.

"Lipa ushuru wa njia," alimwambia Tess.

"Babu, unanuka dawa."

"Na wewe unanuka bangi ya rafiki yako yule."

Chakula tulikula hapo hapo, sahani magotini, tukimzunguka. Alipokohoa tuliweka vijiko chini. Dwight alimwinua, mimi nikashika bakuli, Tess akatazama dirisha. Kisha tulirudi kwenye chakula kilichopoa.

Ilikuwa Februari, nyama ya kusaga na viazi. Alikohoa kwa muda mrefu. Nilikuwa natafuna, nikawa nawaza kwamba maziwa yamekwisha na barabara haijaondolewa theluji, na kijiko changu kikaenda kwenye sahani na kurudi mdomoni. Halafu nikaisikia ile sauti, chuma kwenye kauri. Nikainua macho. Tess alikuwa anakula. Dwight alikuwa anakula. Hakukuwa na ukuta wowote kati yetu naye, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Baba alikuwa anakitazama kijiko changu.

Nikakiweka chini.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kinapoa."

Alikufa Machi, wakati barabara zote ni matope. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa napita kiubavu na kapu la nguo chafu, na mkongojo haukunipiga.

Siku ya mazishi watu walikuja kutoka bonde zima na vyakula vyao vya kuoka, wameloa mvua. Jirani wa kwanza, bibi mmoja aliyesoma na Baba, alivua koti lake akatafuta pa kuliweka. Nikafungua kabati. Lilikuwa limejaa mpaka mlangoni kama nilivyoahidi, na hata kitambaa cha shingoni kisingeingia. Viti navyo vilikuwa vimekaliwa. Yule bibi akatazama huku na huku, halafu akafanya kile ambacho kila mtu hapa hufanya akifika kwenye nyumba ya watu. Akaliweka koti kitandani.

Wa pili akaweka lake. Baada ya muda mfupi kitanda cha Baba kilikuwa kilima cha makoti, yanatoa mvuke kwa joto la jiko, na watu wakila wamesimama kukizunguka. Vijiko vilikuwa vinagonga sahani. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikavisikiliza vyote.

Walipoondoka kila mmoja alichukua koti lake, mpaka kitanda kikabaki kitupu, shuka imeloa na kukunjamana. Nikaivua. Nikaikunja mara mbili, nikaikunja tena, nikazunguka nayo sebule, jikoni, ukumbini, nikarudi sebuleni.

"Unatafuta nini, Mama?" Tess aliuliza.

"Mahali," nikasema.