Pumzi Ishirini na Tatu

Puto la namba tano lilikuwa limeshapaa na kugota kwenye dari, likiyumba kidogo kila mlango ulipofunguliwa. Sifuri ilikuwa bado imelala mezani, bapa kama samaki aliyekaushwa, na mtungi wa gesi ya kupaisha maputo ulikuwa umeisha nguvu.

Hiske aliutikisa, akayasoma tena maandishi yake. Hesabu ilikuwa sahihi: mtungi mmoja, maputo mawili ya foili. Kosa lilikuwa banda la baiskeli. Aliuweka humo tangu Alhamisi, kwenye baridi ya Januari, na gesi iliyopoa hutoka shingo upande. Mtu aliyepima maji ya kunywa ya jimbo la Friesland, Uholanzi, kwa miaka ishirini na sita alipaswa kulijua hilo.

Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Saa nane wageni wa sherehe ya kuzaliwa wangeketi kwenye viti vilivyopangwa duara, wapongezane mmoja mmoja, hata asiyehusika. Bustanini majirani walikuwa wamesimamisha Abrahamu wao, mzee wa matambara mwenye ndevu za sufu, kwani huko mwanamume akitimiza miaka hamsini husemwa amemwona Abrahamu wa Biblia. Mwaka uliotangulia, daktari hakutarajia kwamba Jelmer, mume wa Hiske, angemwona.

"Lete mrija," Jelmer alisema kutoka kitini.

"Wa nini?"

"Nipulize."

"Wewe?"

"Au nimwite Abrahamu? Yuko nje, hana kazi."

Hiske hakucheka. Miezi minane ilikuwa imepita tangu Jelmer apandikizwe mapafu ya mtu aliyekufa, mtu ambaye jina lake hawakuambiwa. Hospitali ilikubali kuifikishia familia ya marehemu barua ya shukrani, bila majina. Barua hiyo Hiske alikuwa ameianza mara sita. "Hatuna maneno ya kutosha," aliandika mara ya kwanza, akaichana: maneno yalikuwa tele, ila hakuna hata moja aliloweza kulithibitisha. Kila alipotaka kuandika kwamba mumewe amepona, kalamu iligoma. Hata Jelmer akisoma gazeti, yeye bado alimhesabia pumzi.

"Ukisikia kizunguzungu unaacha," alisema, akiingiza mrija kwenye shingo ya puto.

"Ndiyo, mkuu wa maabara."

Jelmer akapuliza. Foili ikalia kwa mikwaruzo, kona moja ikainuka, kisha ya pili. Mashavu yake yakawa mekundu. Hiske alisimama karibu, mkono mmoja ukiwa umeshika mgongo wa kiti.

"Unahesabu," Jelmer alisema alipopumzika.

"Sihesabu."

"Ya ngapi?"

"Tisa."

Akacheka, akaurudia mrija. Kicheko chenyewe hakikufuatiwa na kikohozi, na Hiske alilitambua hilo kama anavyotambua chupa ya maji iliyo safi: kwa kile kisichokuwamo.

"Basi," Hiske alisema mwishowe. "Acha mikunjo kingoni. Sebule ikijaa watu itapata joto, hewa itatanuka, mshono utapasuka."

Akauchomoa mrija, akaibana shingo. Kizibo cha ndani kilikuwa kimekunjika na kuvujisha. Mkondo mwembamba, wa uvuguvugu, ukampitia kidoleni. Akachukua pasi yake ya nywele, iliyokwisha kupata moto, akaibana ile shingo kwa sekunde tatu hadi foili ikashikana. Uvuguvugu ukakoma.

Sifuri haikupaa. Waliitundika kwa uzi kwenye msumari, chini kidogo ya tano.

"Hamsini yako imepinda," shangazi yake Jelmer alisema alasiri ile, keki mdomoni.

"Hata mimi nimepinda, shangazi. Lakini nimefika."

Wiki tatu baadaye tano ilikuwa imenywea sakafuni, kando ya kipasha joto. Gesi ile nyepesi hupenya foili. Hewa ya kawaida haina haraka hiyo. Hiske aliibonyeza sifuri kwa kidole gumba, nayo ikamsukuma.

Akaketi mezani, akavuta karatasi.

"Kwa familia tusiyoijua. Jumapili moja ya Januari, saa tano asubuhi, mume wangu alijaza puto kwa pumzi ishirini na tatu. Nilizihesabu mwenyewe. Hadi leo hewa ile ingali ndani."

Akaisoma tangu mwanzo, kalamu mkononi, akitafuta la kufuta. Katika chumba cha pili Jelmer alikuwa akipiga mluzi, na kwa muda mrefu hakuna aliyemhesabia pumzi.