Karai la Dania

Konokono walikuja na mvua ndefu, wakubwa kama ngumi ya mtoto, wakapanda magunia ambamo Lenah alioteshea sukuma wiki na dania nyuma ya nyumba yake, pale mtaani Tena. Jumapili moja alfajiri aliwaokota mmoja mmoja, akawatia kwenye karai la bluu na kuwamwagia chumvi. Walitoka povu wakitoa mlio kama mafuta kikaangoni. Hakupenda kuisikiliza sauti ile.

Maji ya mfereji yalikuja Ijumaa tu. Basi alilisuuza karai kwa kikombe kimoja, kisha humohumo akaoshea dania ya kachumbari. Marion, mjukuu wake wa miaka tisa, alimaliza bakuli zima.

"Kukhu, ningekula na karai," alimwambia bibi yake.

"Anza na sahani, tumbo wee."

Siku ya kumi na mbili shingo ya Marion ilikakamaa. Kichwa kikamgonga. Shuka likimgusa, alilia. "Kukhu, kuna kitu kinatembea ndani ya ngozi."

Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo. Daktari, binti mwenye sauti ya chini, akauliza kama mtoto alikula mboga mbichi, au konokono.

Wekulo, baba yake Marion, akacheka kwa uchovu. "Konokono, daktari? Sisi Wabukusu tunakula kuku."

"Ninauliza kwa sababu kuna minyoo ya panya. Konokono huipata kwenye mavi ya panya, na mtu huimeza na mboga. Nisipojua, nitamtibu gizani."

Lenah alitazama sakafu. Kwenye saruji aliona mstari wa ute uking'aa, ukielekea kitandani. Akafumba macho. Alipofumbua, palikuwa pakavu.

"Ni karai," alisema. Akaeleza yote: chumvi, povu, kikombe kimoja.

Daktari aliandika, kisha akamgeukia bibi. "Umenisaidia, Shosho. Sasa najua pa kuanzia. Lakini tutangoja, wiki, pengine zaidi."

Wekulo hakumtazama mama yake. Alitoka, akasimama koridoni, mgongo kwao.

Siku ya tano hospitalini Marion aliweza kuinua kichwa. Akanyoosha mkono juu ya shuka.

"Kukhu, leo haiumi sana. Mbona hunishiki?"

Lenah aliinuka. Aliiangalia mikono yake mbele na nyuma, akarudi tena kwenye sinki kuiosha, mara ya nne asubuhi ile, na bado iliteleza.