Nani Alitia Sumu Kisimani

Mji mzima wa Runzewe ulikuwa unasubiri msimu mpya wa Mageni wa Mawinguni, na mimi nilikuwa naomba usije. Nasema naomba, tena siyo kwa mdomo tu, nilishika rozari kabisa. Asidhani mtu kwamba siipendi hiyo katuni. Mimi Lusia, fundi cherehani hapa sokoni, niliwahi kuunguza sketi ya mteja kwa pasi kwa sababu ya kubishana kama Mageni ataolewa na yule kijana mwenye mabawa au hataolewa. Mteja alinitukana, nami nilistahili.

Kwa asiyeijua, Mageni ni binti anayeruka juu ya mawingu na kuteremsha mvua kwa upanga. Katika katuni ya kwanza alikuwa mtoto. Hii ya sasa ni mwendelezo wake: amekua, amerudi kijijini kwao, na kijiji kimeharibika. Kuna watu wazima wanasema hayo ni mambo ya watoto. Waende bandani kwa Deusdedit wakawaone watoto wenyewe, wana ndevu na watoto wao nyumbani.

Deusdedit ndiye mwenye banda la video, na ndiye mtafsiri. Wahusika wanaongea lugha ya huko mashariki ya mbali, maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha mbio mbio, naye anashika kipaza sauti na kutuambia kwa Kiswahili nani kasema nini. Alisoma seminari akaishia njiani, kwa hiyo Kiingereza anacho. Majina ya wale watu hayatamkiki, basi akawapa ya kwetu. Binti akamwita Mageni, kwa kuwa alizaliwa siku nyumba imejaa wageni. Na bikizee mmoja anayekaa pembeni ya kijiji, mwenye macho mekundu, akamwita Bibi Kaa, kwa sababu eti macho yanawaka kama kaa la moto. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka mpaka nikamwegemea mtu nisiyemjua.

Msimu uliopita uliisha pabaya. Watu wa kijiji kile walikunywa maji ya kisima, wakalala, wasiamke. Picha ya mwisho ilikuwa Bibi Kaa amesimama kisimani na kibuyu mkononi, anatutazama sisi. Ikakatika hapo hapo. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakibishana saluni, kwenye bodaboda, hata nje ya kanisa misa ikiisha. Ametia sumu au hakutia?

Sasa shida yangu ni hii. Mimi nimelelewa na bibi yangu, Bibi Justa, na mpaka leo nakaa naye karibu na bomba la maji la mtaa. Bibi yangu ana macho mekundu. Hakuna siri hapo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa tumbaku, akilala bani, kibanda cha kukaushia, kuchochea moto ili majani yakauke vizuri, na moshi wa miaka hiyo yote umemkaa machoni. Hospitali walimpa dawa ya kudondoshea, wekundu ukakataa kutoka.

Aliyeanza ni Bujiku, kijana wa jirani anayechimba dhahabu Rwamgasa na kurudi nyumbani kila akichoka. Alipita na wenzake, akamkuta Bibi anaanika mtama, akasema, "Shikamoo, Bibi Kaa!" Wenzake wakavunjika mbavu. Bibi hajawahi kukanyaga banda la video. Akaitikia vizuri tu, "Marahaba, wajukuu zangu," na jioni akaniuliza kwa furaha, "Ng'wanawane, mwanangu, hilo jina wamelitoa wapi?" Nikamwambia ni jina la kwenye katuni. Akasema vijana wa siku hizi wana utani mzuri.

Halafu dume la ng'ombe la Bujiku la kulimia likafa. Halafu mvua zilipoanza, watoto wa mtaa wetu wakaharisha kwa maji ya bomba. Kila mwaka mvua zikianza maji huchafuka na watoto huharisha, wala hilo si jipya. Jipya ni kwamba mwaka huu watu walipokuwa wanachota walikuwa wanageuza shingo kuangalia uani kwetu.

Kikaja kionjo cha msimu mpya. Bujiku alikuwa nacho kwenye simu, akikirudia kijiweni mpaka simu inapata moto. Bibi Kaa alionekana kidogo tu, anainua kibuyu juu ya kisima. "Subirini," Bujiku alisema siku hiyo nikipita. "Msimu mpya utatuambia kama hawa bibi wa macho haya ni watu au siyo watu." Alisema huku anacheka. Ila wenzake hawakucheka.

Mtu wa mbali atasema natia chumvi. Huyo hakukulia huku, ambako bikizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Ukoo gani wa huku hauna bibi ambaye akitajwa watu wanashusha sauti? Mlango ulivunjwa, mapanga, na asubuhi majirani wanasema hawakusikia kitu. Na wanaofanya hivyo siyo majini kutoka porini, ni vijana uliowashonea sare za shule. Niliogopa, sina haya kusema. Nikaanza kumzuia Bibi asitoke uani, akanigombeza akitaka kujua kama yeye ni kuku. Nikamnunulia kofia pana imfunike uso, akaitumia kuwekea mbegu za maboga.

Nikaamua kumfuata Deusdedit, lakini akanitangulia. Alikuja mwenyewe kibandani kwangu na kitambaa cha bluu, anataka shati la kuvaa siku ya kufungua msimu. Nikampima kifua, nikampima mkono.

"Kaka Deus, hiyo mpya umeshaiangalia?"

"Mtafsiri haingii kazini hajaangalia. Nimeangalia yote."

"Bibi Kaa je?"

Akatabasamu kama mtu aliyeshika ufunguo. "Njoo Jumapili."

"Kaka, nakuomba. Niambie."

Akaniangalia usoni, tabasamu likapungua. "Ndiye yeye, Lusia. Anaimimina sumu mbele ya macho yetu, na kusema anasema mwenyewe."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote: Bujiku, dume lake, bomba, jinsi wanavyomsalimia. Nikamwambia, "Wewe sema hakutia sumu. Kiingereza kile sisi tunakisoma? Sisi tunakusikia wewe."

"Unataka nidanganye?"

"Ni katuni, Kaka Deus!"

"Ndiyo ni katuni, lakini kazi ni kazi. Watu wanatoka mpaka Masumbwe kuja kunisikiliza mimi, kwa sababu wanajua Deusdedit habuni. Nikibuni leo, kesho nani atakaa kwenye benchi langu?"

Hasira ikanipanda. "Habuni! Jina la Bibi Kaa liliandikwa wapi huko kwenye katuni? Kaa la moto lilitoka kinywani kwa nani? Wewe ndiye uliyetupatia huyo bibi, na sasa wamempata wa kwetu wa nyama."

Alichukua kitambaa chake akaondoka nacho, wala shati sikulishona.

Jumapili baada ya misa ya pili banda lilikuwa limejaa hata turubai la ukutani linabonyea kwa migongo. Jua kali nje, ndani giza na jasho na harufu ya karanga. Nilisimama nyuma karibu na mlango. Bujiku alikaa benchi la mbele na kundi lake, wamevaa fulana walizochora wenyewe picha ya upanga. Jina la katuni lilipotokea kwenye skrini, banda zima likapiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, nywele zilinisimama kwa raha. Nilikuwa nimeisubiri kama wao. Kisha nikakumbuka kilichonileta.

Deusdedit alikuwa kwenye ubora wake. Mageni alipolia, naye sauti ilimkatika. Yule wa mabawa alipokuja kumtafuta, wanawake waliguna. Sikuwa nasikiliza vizuri. Nilikuwa nangojea kisima.

Kisima kikaja. Kumepambazuka, ukungu, na Bibi Kaa anatembea polepole na kibuyu chake. Akainama, akamimina. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Akainua uso wenye macho yale na kusema maneno mengi, na maandishi yakapita chini, na Deusdedit hakusema kitu.

"Tafsiri!" mtu akapiga kelele.

"Deus, tafsiri!" Bujiku alikuwa amesimama. "Anasemaje?"

Nilimwona Deusdedit akigeuza kichwa kunitafuta gizani. Sijui kama aliniona. Kipaza sauti kikakwaruza.

"Anasema," Deusdedit akaanza, akasafisha koo. "Anasema hivi: 'Sumu niliikuta imeshatiwa. Mimi nimeleta dawa ya kuitoa. Nimechelewa, wanangu, nisameheni.'"

Banda lililipuka. Wengine wakashangilia, wengine wakazomea kwamba haiwezekani, wengine wakasema walijua siku nyingi. Bujiku akashika kichwa kwa mikono miwili. "Sasa aliyetia ni nani?" Na wote wakaidaka: "Nani? Nani?"

Kwenye skrini picha ilikuwa imesogea. Njiani, mbali na kisima, alipita mwanamke na kikapu cha samaki kichwani, mpita njia asiye na neno hata moja.

"Yule pale!" Deusdedit akasema haraka. "Yule mwuza samaki! Mnamwona anavyokimbia? Ndiye mchawi wa kijiji!"

"Aaaah!" banda zima. Mabenchi yakagongwa. Na mimi nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, mpaka viganja vikawaka moto, machozi yananitoka. Bibi yangu alikuwa amepona.

Tulipotoka nje Bujiku alinifuata, amenywea kidogo. "Dada Lusia, Bibi aniwie radhi. Tulikuwa tunamtania. Kesho nitampasulia kuni."

"Wabeja, Bujiku," nikamshukuru, na nilimaanisha. Sikumbuki mara ya mwisho kifua changu kilikuwa chepesi vile. Nikageuka kwenda nyumbani. Nyuma yangu walikuwa wanaendelea kuichambua katuni, kama tunavyofanya siku zote.

"Lakini mwuza samaki! Nani angefikiri?"

"Mbona hata hapa yupo. Yule wa dagaa, pale mashine ya kusaga."

"Yule katokea wapi?"

"Ziwani. Nkome, nafikiri. Anaongea Kizinza."

"Ana mume?"

"Sijamwona."

"Alihamia lini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bujiku.

Wakafikiri kidogo. "Muda mfupi kabla dume lako halijafa."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka.

Sitajisifu hapa. Miguu yangu ilielekea nyumbani kwanza. Bibi yuko salama, nikajiambia, mimi si mama wa mji huu. Nilitembea hivyo mpaka kwenye duka la pembejeo, na hapo aibu ikanikamata, nikajichukia kwa yale makofi. Nikakata kona upande wa kulia, nikapita katikati ya meza za nyanya, nikawa nakimbia na gauni la misa.

Alikuwa pale pale, kwenye kivuli cha ukuta wa mashine, amejaza dagaa kwenye beseni na kisado cha kupimia juu yake. Mama wa makamo, kitenge cha njano. Nimenunua kwake mara nyingi na sijawahi kumwuliza jina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupimie? Hawa wa leo hawana mchanga."

"Hapana, mama. Unaitwa nani?"

Akashangaa kidogo, kisha akafurahi. "Paskazia. Mbona unahema?"

"Naomba nikae na wewe."

Akasogea kwenye gunia alilokalia, akanipa nusu. Nikakaa bega kwa bega naye. Mwisho wa barabara kundi lilikuwa linakuja, fulana za upanga, Bujiku katikati. Mmoja wao alikuwa ameweka ngumi mdomoni mfano wa kipaza sauti, anaigiza sauti ya Deusdedit.

Mama Paskazia akawatazama, akainua kisado, akidhani ni wateja. Nikamshika mkono.

"Mama, wakikuita jina usilolijua, usiitikie."

Kabla hajaniuliza kwa nini, walikuwa wameshafika.